Mkono kwenye Mbavu

Mbwa aliingia nyumbani kwetu Nguba kwa sharti moja: awe mkubwa. Baba yangu alilitamka sharti hilo akiwa amesimama barazani na tasbihi mkononi, na hakuna aliyebisha, maana katika ukoo wetu mbwa si mnyama wa kuchezea. Wazee wetu walitoka pwani kwa biashara, wakakaa Uvira, kisha wakapanda mpaka Bukavu na majora yao ya vitambaa, na kila walikohamia walihama na masharti yao. Mbwa wa kulinda, dini imemruhusu. Mbwa wa kubembeleza na kumlaza kwenye kochi, hapana. Kwa hiyo ukubwa wa yule mtoto wa mbwa, jambo ambalo kwa watu wengine lingekuwa la udadisi tu, kwetu ndilo lililoamua kama atakula kwetu au atarudishwa alikotoka.

Tena haikuwa hatima yake peke yake iliyotegemea ukubwa huo. Langoni petu kulikuwa na zamu, ndivyo tunavyomwita mlinzi wa usiku, ambaye alianza kazi kwetu nikiwa bado ninavaa sare ya sekondari. Mtu wa Mwenga, Mkristo, mrefu, mwenye koti la kijani lililokosa vifungo viwili. Jioni alikuja na redio yake ndogo, asubuhi alikunywa chai kwenye kikombe chake cha bati na kuondoka. Alizeeka pale pale langoni bila sisi kuona. Halafu mwaka ule wezi wakaruka ukuta, wakabeba pampu ya maji na nguo zote zilizokuwa kwenye kamba, na yeye hakusikia kitu. Kulipopambazuka alisimama mbele ya baba amevua kofia.

"Papa, nilisinzia," alisema. "Sina maneno."

Wazo la mbwa lilikuwa langu. Naliandika wazi nisije nikajificha nyuma ya baba. Nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nafundisha shule ya msingi, naendesha nyumba tangu mama alipofariki, na nina ulimi, sikatai.

"Muzee amechoka," nilimwambia baba. "Tulete mbwa ya kizungu. Ikikomala, muzee aende kupumuzika kwabo."

Baba alifikiri kidogo, akakubali. Mbwa akikua kiasi cha kutisha watu, zamu ataondoka. Akibaki mdogo, mbwa ndiye ataondoka, na zamu ataendelea kukaa na sisi mpaka hapo Mungu atakapopenda. Tuliyapanga hayo barazani alasiri moja, kwa sauti ya kawaida, wakati yeye mwenyewe amewahi kazini na anafagia majani karibu na lango. Sikujiuliza kama anasikia. Nilishazoea kuongea mbele yake.

Mtoto wa mbwa alitoka upande wa Lwiro, ndani ya katoni ya sabuni, umri wa miezi miwili. Mama yake alikuwa berger, mbwa wa kizungu wa kulinda, mkubwa kabisa, hilo tulihakikishiwa. Baba yake hakujulikana, na hapo ndipo mashaka yalipoanza. Alikuwa na manyoya mengi ya rangi ya kahawia na tumbo la mviringo lililonifurahisha sana, maana niliona mtoto aliyeshiba.

Baba akamwita zamu. "Muzee, wewe mutu wa pori, unajua mambo ya mbwa. Huyu atakuwa mukubwa?"

Zamu alichuchumaa. Akamgeuza yule mbwa chali, akashika wayo wa mbele, akaubonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi. Akapapasa magoti, akasema kwa sauti ndogo kwamba yana mafundo. Akavuta ngozi ya shingoni, ikaja mkononi, ikarudi taratibu. Kisha akaushika tena ule wayo, akanyamaza. Alinyamaza kitambo. Baba alikohoa. Mimi nilitazama saa, kwa sababu nilikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha.

"Iko na mifupa," alisema mwishowe. "Atakuwa mukubwa, papa. Atafika kilo makumi tatu."

"Una hakika?"

"Niko na hakika. Lakini hii tumbo, maman, si kushiba. Iko vidudu."

Hilo la vidudu lilinikera, kwa sababu tumbo lile nilikuwa nimeshalisifia. Hata hivyo vidonge vilinunuliwa, akampa, na baada ya wiki mbili tumbo lilikuwa limekwisha. Mbele yangu akabaki mnyama mwembamba, miguu mirefu, masikio makubwa. Nikasema moyoni, ameshaniharibia mbwa.

Sasa nieleze jambo ambalo bila hilo kosa langu halieleweki. Sisi hatukumgusa. Baba alitukumbusha kwamba mkavu kwa mkavu si neno, kinachonajisi ni mate na unyevu, lakini mtoto wa mbwa ana ukavu gani? Pua maji, ulimi maji, miguu imetoka kwenye tope. Akikugusa kabla ya sala, una kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Basi tuliona heri kumtazama kutoka barazani. Nilimpikia mimi, nikamwekea sufuria yake kwenye ngazi ya chini, na zamu akaichukua. Mikono iliyomshika mbwa yule ilikuwa ya mtu mmoja, na macho yaliyomhukumu yalikuwa yangu.

Alipofika miezi minne baba alitaka apimwe. Zamu akambeba kwenye mfuko wa mchele mpaka kwa mama auzaye sambaza, dagaa wa huku kwetu, pale chini karibu na ziwa, wakamning'iniza kwenye mizani ya samaki. Mama yule alicheka mpaka wateja wakasimama kuangalia. Kilo kumi na nne. Zamu alirudi ananuka samaki, na mbwa naye, akamweleza baba kwamba mbwa wa aina hii, ukimpima miezi minne, mara mbili yake na kidogo juu ndiyo uzito wake wa utu uzima. Baba alifurahi. Usiku ule alisema mezani kwamba labda mwisho wa mvua mambo yatakuwa tayari. Kila mtu mezani alijua mambo gani.

Mimi lakini nilikuwa natazama. Niliona kiuno chake kimeingia ndani. Akisimama ubavu, tumbo lilipanda juu kuelekea mapaja. Akikimbia, nilidhani nazihesabu mbavu. Siku nyingine manyoya yakilowa mvua alionekana wa kusikitisha kabisa, mbwa wa mtu masikini. Na mimi nilikuwa nampa vitu: bugali, mapafu ya ng'ombe, vichwa vya sambaza, sufuria imejaa. Vilikuwa vinaenda wapi?

Asubuhi moja niliamka mapema, nikasimama nyuma ya pazia. Nikamwona zamu anachukua sufuria, anamega bugali kwa mkono, nusu anamwekea mbwa, nusu anairudisha na kuifunika. Mbwa alimaliza, akatazama juu, akangoja. Zamu alimpapasa mgongo, akasema neno fulani, akaenda zake kukaa.

Damu ilinipanda. Yote yalijipanga kichwani mwangu kwa mpigo mmoja: anamnyima chakula ili asikue. Asipokua, yeye anabaki. Na niliona uchungu pia, niseme kweli, kwa sababu nilikuwa ninampenda yule mzee. Ndiye aliyenifungulia lango siku niliporudi na masanduku yangu matatu, bila kuniuliza kitu.

Nikamtokea zamu na kanga begani.

"Papa, juu ya nini unanyima mbwa chakula?"

"Simunyime, maman. Napima. Ya kubakia atakula mangaribi."

"Mbavu zake naziona!"

"Unaziona wapi? Weka mukono hapa."

"Siwezi mugusa, unajua."

"Sasa utajua namna gani?" Hakuuliza kwa kejeli, lakini mimi nilisikia kejeli. Akaona uso wangu, akajaribu njia nyingine. Alikunja ngumi, akaniambia na mimi nikunje yangu. "Pitisha kidole hapa juu ya vifundo. Mbavu zikiwa hivi, mbwa iko na njaa. Sasa fungua mukono, pitisha kwa mugongo ya mukono. Unasikia mifupa chini ya ngozi? Hivi njo muzuri. Sasa geuza, gusa ndani ya kiganja. Husikie mufupa. Hivyo iko munene. Huyu yetu iko mugongo ya mukono. Mbwa ya mifupa mikubwa, maman, haipashwe kunenepa haraka. Miguu itaharibika."

Nilikuwa nimesimama na mkono wangu mwenyewe umefunguliwa mbele yangu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwalimu mimi, nafundishwa langoni. Nikaushusha mkono.

"Unataka asikue," nilisema. "Asikue, ubakie kwa mulango."

Nilisema hivyo. Hata leo neno lile naweza kulisikia lilivyotoka, halikupotea hata herufi. Mzee hakukasirika. Alivua kofia, kama asubuhi ile ya wezi, akaishika kwa mikono miwili. Nilingoja ajitetee ili nimjibu, nilikuwa na majibu tayari. Alichosema ni "Sawa, maman," basi. Akaenda kuchukua redio yake.

Nilimweleza baba akiwa bado kwenye chai. Baba si mtu wa hasira, ila hapendi kuhadaiwa, na tangu wezi wale alikuwa na kinyongo kidogo ambacho hakukisema. Hakumwita amuulize. Jioni yake alimpa haki zake zote, na nyongeza juu, na kitambaa cha suti kutoka dukani, akamwambia wakati umefika. Zamu alishukuru. Aliacha kikombe chake cha bati juu ya ukuta mdogo karibu na bomba. Mbwa alimfuata mpaka langoni, na lango likafungwa.

Nikaanza kumlisha mimi. Sufuria ilijaa asubuhi, ikajaa jioni. Na kweli, macho yangu yalifurahi. Kiuno kilijaa, mgongo ukawa mpana, manyoya yakang'aa. Wageni waliokuja kwa baba walisema hii ni mbwa kweli, na mimi nilisimama pembeni nikipokea sifa. Nilikuwa nimeshinda ubishi ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa anabishana nami.

Alipofika miezi sita na nusu akaanza kuchelewa kusimama. Asubuhi ya kwanza nilidhani ni baridi ya mvua. Ya pili nikaona anaupumzisha mguu wa mbele wa kushoto. Ya tatu aligoma kupanda ngazi ya chini, ile ya sufuria, akalala akilia taratibu. Nilipomtazama vizuri niliona miguu ya mbele yote miwili imeanza kupinda nje pale kwenye kifundo. Baba akatuma aitwe daktari wa wanyama kutoka Nyalukemba.

Alikuwa kijana mwenye mkoba, mpole. Hakuanza na mguu. Aliweka viganja viwili kwenye mbavu za mbwa, akabonyeza, akasogeza, akabonyeza tena.

"Sizisikie," alisema. "Mumemulisha nini huyu?"

Nikamtajia, tena kwa fahari kidogo, niwie radhi.

"Ni mingi, maman. Nyama iko na uzito yenye mifupa haijafikia. Huyu ni mutoto bado, hata kama ni mukubwa hivi. Mupunguze nusu, na asiruke. Tuna bahati, miguu inaweza rudi." Akatazama meno, akatazama nyuma ya masikio. "Miezi ya kwanza alilelewa vizuri sana. Nani alikuwa anamulisha mbele?"

Baba alinitazama mara moja tu, kisha akaangalia ziwa. Nilijisikia aibu ambayo sijawahi kuijua, si ya kuumbuliwa mbele ya watu, bali ya kukaa peke yangu na jambo nililolifanya. Nusu. Daktari alisema nusu, na mimi nilikuwa nimeona nusu ile ile kwa macho yangu nikiwa nyuma ya pazia.

Nilimtafuta mzee wiki nzima. Mtu mmoja aliyesali naye parokia moja aliniambia anajiandaa kurudi Mwenga, kwa kaka yake. Nikatuma ujumbe kwamba tafadhali apite kwetu kabla hajaondoka. Alipita Ijumaa mchana, wakati baba ameenda msikitini. Alikuwa amevaa suti ya kile kitambaa chetu, imeshonwa vizuri, ikampwaya mabegani.

Mbwa alimsikia kabla yangu. Alikuja akichechemea, akilia kwa furaha, akamwegemea magotini mpaka mzee akashika ukuta. Kisha akachuchumaa na suti yake mpya kwenye tope, akaweka mkono ubavuni. Alitafuta. Nilimwona anavyotafuta.

"Nilikukosea, papa," nilisema. Nilikuwa nimejiandalia hotuba ndefu na yote ikaniishia hapo.

Aliendelea kupapasa. "Siku ile papa yako aliniuliza kama atakuwa mukubwa," alisema. "Nilikuwa nimesikia mipango yenu. Mulikuwa munazungumuza kwa baraza, mie nafagia."

"Ulijua?"

"Nilijua. Kama ningesema hatakuwa mukubwa, mungemurudisha Lwiro kesho yake. Nani angenibishia? Baba yake hajulikane."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema hivyo. Alifikiri, na sikuona uchungu usoni mwake, labda kwa sababu ulikuwa umeshapita kabla sijaja kuutafuta.

"Aliniuliza," alisema. "Mie nilikulia na mbwa. Baba yangu alikuwa muwindaji, mbwa zake zilivaa kengele za miti. Kisha nililisha mbwa kubwa za misioni myaka kumi. Kwenu nimefungua portail, nimefunga portail. Hakuna siku mulikuwa mumeniuliza kitu yenye najua. Siku ananiuliza, nimudanganye?"

Nilimwomba arudi kazini, nikamwambia nitaongea na baba, baba atakubali. Alitikisa kichwa. Kaka yake anamngoja, alisema, na usiku wa Bukavu umeshamshinda, hata wezi wale wanajua. Alicheka kidogo. Akakunja ngumi, akaifungua, akageuza mgongo wa mkono juu akanionyesha, kuhakikisha sijasahau. Nikamletea kikombe chake cha bati. Alikitia mfukoni mwa suti, ikavutika upande mmoja, akaondoka akipanda kuelekea barabarani.

Nilipofunga lango nilikaa kwenye ubao aliozoea kukalia mzee. Mbwa akaja kulala miguuni, pua maji kama siku ya kwanza. Nikaweka mkono ubavuni mwake. Alikuwa na joto kuliko nilivyodhania. Nilibonyeza, sikuhisi kitu, nikabonyeza tena, na mbali chini ya mafuta niliyoyaweka mimi nikaupata ubavu mmoja. Baba alirudi kutoka msikitini akanikuta hivyo. Alisimama, akatazama mkono wangu, kisha akaniambia nisisahau udongo. Akapita ndani.

Siku hizi nampima kila Jumapili. Naosha mikono mara saba, moja kwa udongo, wala sioni taabu. Miguu yake ilinyooka karibu yote, imebaki mpindo mdogo kushoto ambao wageni hawauoni. Amemaliza mwaka na nusu. Majuzi nilimpeleka kwa mama wa sambaza, tukamning'iniza watu watatu tukihema, na mizani ikasimama kwenye kilo thelathini na moja. Mama alimkumbuka. Akaniuliza yuko wapi yule mzee aliyemleta kwenye mfuko wa mchele, nikamwambia amerudi kwao.

Anabweka vizuri, wezi hawajarudi, na baba ameridhika. Ila mimi kila nikipita langoni naiona alasiri ile: baba anauliza, mzee amechuchumaa, wayo mdogo uko kwenye kiganja chake. Alikuwa ameshabonyeza, ameshapapasa magoti, ameshavuta ngozi, jibu lote analo. Bado akanyamaza kitambo kile, na mimi nikatazama saa, nikidhani anampima mbwa.